Jinsi ya kusoma jiwe ambalo chama cha Waroma kilimtunukia kaisari

Sanamu nyingi za shaba ambazo vyama vya mafundi na wafanyabiashara wa Kiroma viliwasimamishia makaisari ziliyeyushwa zamani. Mara nyingi kilichobaki ni kitako cha jiwe chenye maandishi. Wanaoanza mimi huwafundisha kwa lango dogo la Argentarii (wabadilishaji fedha), lililoungana na kanisa la San Giorgio in Velabro jijini Roma. Si kitako cha sanamu, ila mpangilio wa maneno ni uleule, na herufi zake zasomeka hata pichani.

Hatua ya 1: Anza na mstari wa mwisho. Wengi huanzia juu, wakazama katika vyeo vya kaisari na kukata tamaa. Waliotoa fedha wako chini: ARGENTARI ET NEGOTIANTES BOARI HVIVS LOCI, yaani wabadilishaji fedha na wafanyabiashara wa ng'ombe wa mahali hapa. (V husomwa U.) Hayo maneno "wa mahali hapa" nayapenda sana: watu hawa walijenga palepale sokoni kwao, Forum Boarium.

Hatua ya 2: Rudi juu umtafute anayejengewa. Sisi hubadili kitenzi: jenga, jengea. Kilatini hubadili mwisho wa jina: kaisari Severus huwa SEVERO, mkewe Iulia (Julia Domna) huwa IVLIAE. Soma "kwa ajili ya".

Hatua ya 3: Tafuta mwaka. TRIB POTEST XII ni mamlaka ya tribuni (cheo cha kumtetea raia wa kawaida, ambacho makaisari walikuwa na mamlaka yake) kwa mara ya 12. Kaisari huyo, Septimius Severus, aliyapata mwaka 193 baada ya Kristo, na kila mwaka hesabu yake ikaongezeka kwa moja. Mwaka 193 ndio wa kwanza, kwa hiyo wa 12 ni 204. Ukijumlisha 193 na 12 utapata 205, na hilo ndilo kosa ninalolisahihisha kila mara.

Hatua ya 4: Tafuta makovu. Chukua picha iliyopigwa mwanga ukitokea ubavuni, uangalie palipobonyea. Geta, mwana wa Severus na mdogo wake Caracalla, aliuawa mwaka 211. Jina lake likafutwa kwa patasi na nafasi ikajazwa sifa za ziada za waliobaki. Kisha ingia ndani ya lango, kwenye michongo. Kando ya Julia Domna pana nafasi tupu alipokuwa Geta. Ukuta wa pili, Caracalla amesimama peke yake pale walipokuwa mkewe Plautilla na baba mkwe wake Plautianus.