Kutoka amapiano hadi singeli bila kupoza ukumbi

Amapiano hutembea kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika. Singeli huanzia 200 hivi na hupanda hadi 300. Kwa sababu ya pengo hilo, DJ wengi hukata wimbo, humwachia MC apige kelele, kisha huwasha singeli kwa kushtukiza. Nusu ya watu hurudi kwenye viti. Lakini 113 mara mbili ni 226, na singeli za 215 hadi 235 zipo tele. Pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli, kwa hiyo nyimbo hizo zinaweza kwenda pamoja kwa zaidi ya nusu dakika.

Hatua ya 1: Kagua mapigo nyumbani

Programu za kuchanganyia muziki hutafuta kasi ndani ya mipaka fulani, kwa hiyo singeli ya 226 mara nyingi itaandikwa 113. Iache hivyo, imekurahisishia kazi. Tatizo ni ile inayosomwa 150 au 151, maana hapo programu imebabaishwa na ngoma za pembeni. Gonga kitufe cha TAP kufuata ngoma kuu, kisha sahihisha. Kagua pia kama mistari ya gridi, ile ambayo programu huchora kuonyesha mapigo, imekaa juu ya ngoma au imeangukia katikati. Kwenye 226, pigo moja lina urefu wa robo sekunde tu na kidogo. Ukichelewa kwa sekunde 0.05 umekosa karibu sehemu ya tano ya pigo, na kila mtu atasikia ngoma zikikanyagana.

Sikiliza na ubora wa faili. Singeli nyingi huzunguka kwa simu na memori kadi zikiwa zimebanwa mara kadhaa. Kwenye spika kubwa matoazi yake hulia kama mafuta ya kukaangia. Tafuta MP3 ya kbps 320 au WAV, la sivyo chagua wimbo mwingine.

Hatua ya 2: Andaa lupu (kipande kinachojirudia)

Singeli haina utangulizi mrefu, MC huingia mapema. Tafuta kipande chenye kinanda na ngoma bila sauti ya mtu, weka alama mwanzoni mwake, kisha funga lupu ya mapigo 16 ya singeli, yaani kama sekunde 4 (kama programu imeandika 113, yenyewe itayahesabu kuwa 8). Lupu ya mapigo 4 ya singeli inachosha masikio haraka mno.

Hatua ya 3: Sogeza kasi

Isogeze singeli, usiiguse sana amapiano. Wimbo wa 232 ukishushwa asilimia 2.6 unafika 226. Amapiano ikipita 116 mikogo yake inapotea, na wachezaji wanagundua kabla yako.

Kwenye singeli, zima kitufe cha kufunga ufunguo wa sauti (key lock), kile kinachozuia sauti kuwa nene au nyembamba kasi ikibadilika. Kikiwashwa hukwaruza sauti kasi inapobadilika sana, na muziki huu hauna haja nacho: ulikulia mikononi mwa DJ wa uswahilini Dar, Manzese na Tandale, waliokimbiza vipande vya taarab na mchiriku na kuvirudiarudia huku MC akichana papo hapo. Sauti nyembamba ni sehemu ya ladha yake.

Hatua ya 4: Unganisha

Kwenye hedifoni fuata kayamba la amapiano, si besi. Besi yake, ile iitwayo logi dramu, haikai juu ya pigo, ukiifuata utapotea. Kisha:

1. Kata besi yote ya singeli, punguza na sauti za juu hadi nusu.
2. Subiri amapiano ianze duru mpya. Hubadilika kila mapigo 32 au 64, na 64 ni sekunde 34 kwenye kasi ya 113. Achia lupu pigo la kwanza kabisa.
3. Pandisha fada (kitelezi cha sauti) ya singeli taratibu kwa mapigo 32 ya amapiano.
4. Yakitimia 64, kata besi ya amapiano na urudishe ya singeli kwa wakati mmoja. Fungua lupu ili wimbo uendelee.
5. Toa amapiano ndani ya mapigo 8.

Besi mbili zikilia pamoja hata kwa sekunde chache, limita ya spika, ile inayozuia sauti kuzidi kiwango, inabana kila kitu na ukumbi unasikia muziki umesinyaa. Watu hudhani spika ni mbovu. Singeli nyingi zimerekodiwa kwa sauti kubwa sana, kwa hiyo shusha gini yake (kiwango cha sauti inayoingia kwenye miksa) kama desibeli 3 na ubaki kwenye taa za kijani za miksa, njano ikigusa mara mojamoja. Kama MC yupo na maiki, mpe kipande kisicho na sauti ya mtu na ushushe kidogo sauti za kati ili maneno yapite.

Hatua ya 5: Rudi

Kwenye kigodoro, ile sherehe ya usiku kucha mtaani, singeli inaweza kukesha. Kwenye ukumbi wa harusi, nyimbo tatu au nne zinatosha, miguu ya watu wazima haina zaidi ya hapo. Kurudi amapiano ni njia ileile kinyume, ila fupisha, mapigo 32 ya amapiano yanatosha.

Kwenda rumba au taarab, sahau gridi. Nyingi za zamani zilirekodiwa na bendi ikipiga moja kwa moja, kasi inapanda na kushuka yenyewe. Maliza singeli, mwache MC aseme maneno mawili, kisha anza wimbo tangu mwanzo. Kinamama wakishasimama kutuza, usikate katikati ya ubeti hata kama wimbo una dakika 12.