Tunga kipande cha piano ya kitoto kwa mizani ya utenzi

Piano yangu ya kuchezea niliipata Lamu kwenye mitumba, katikati ya wanasesere. Jirani akaniuliza, "Mwalimu, umerudi utotoni?" Nikamwambia John Cage, mtunzi wa muziki wa Marekani, alitunga *Suite for Toy Piano* mwaka 1948, sehemu tano, kwa vibao vyeupe tisa tu. Hakuridhika, lakini tuendelee.

1. Ifungue. Ndani hamna nyuzi. Ukibonyeza kibao, kinyundo hugonga kifito cha chuma. Kifito kifupi, sauti ya juu. Hewa yetu ya chumvi hula chuma, kwa hivyo futa kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta.

2. Isikilize. Bonyeza kibao kimoja, ngoja sauti ife, ndipo ubonyeze kingine. Mimi niliharakia kupiga wimbo wa taarabu, tena kwa mikono miwili. Nyumba nzima ikaniomba ninyamaze. Kila kifito kina miungurumo yake ya pembeni isiyopatana na ya mwenzake, na ukivirundika pamoja vinagombana. Basi piga kimoja kimoja. Chagua vibao tisa, na kile chenye kasoro kiwemo.

3. Panga mzunguko. Hapa ndipo penye utamu. Viandike vibao tisa kwa mfuatano wowote unaokupendeza, kisha usiuguse tena. Sasa chukua mshororo wa utenzi: mizani nane. Kila mzani, kibao kimoja. Mshororo wa kwanza utaishia kibao cha nane, kwa hiyo wa pili utaanza na cha tisa, wa tatu na cha nane, na hivyo hivyo mfuatano unateleza nyuma. Mpigaji hajabadili kitu, ila msikilizaji anasikia sauti mpya kila mara. Utarudi ulipoanzia baada ya mishororo tisa, yaani beti mbili na mshororo mmoja.

4. Weka kimya. Mshororo wa nne wa kila ubeti ndio hubeba kina cha bahari, kile kinachorudi utenzi mzima. Kwenye mzani wake wa nane usipige. Kihesabu kibao, inua kidole, endelea. Ukifika beti tisa, kila kibao kitakuwa kimenyamazishwa mara moja, hakuna kilichopendelewa. Nilihesabu kwa kokoto kabla sijaamini.

5. Rekodi. Simu tu yatosha. Iweke nyuma ya piano. Mbele utanasa ko-ko-ko ya vibao kuliko muziki wenyewe. Piano ikae juu ya meza ya mbao, si mkekani, mkeka unameza sauti. Mimi hurekodi baada ya alfajiri, kabla mikokoteni haijaanza kupita. Punda hawana saa, hata hivyo. Mmoja alilia kwenye kimya cha ubeti wa nne, sawasawa pale pa bahari, na sikumfuta.