Namna ya Kuifanya Programu ya Anwani za Wateja Iifae Ofisi Nzima

Katika ofisi nyingi programu ya kusimamia anwani hununuliwa kwa matumaini makubwa, kisha baada ya muda hubaki kuwa daftari la namba za simu. Mambo yenye thamani, yaani nani alizungumza na mteja, waliahidiana nini na hatua gani inafuata, hubaki vichwani mwa wafanyakazi, katika simu zao na kwenye visanduku vyao vya barua pepe. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyatoa huko na kuyaweka mahali ambapo kila anayehusika atayakuta. Kipimo changu ni kimoja: je, mwenzako ambaye hajawahi kuongea na mteja fulani anaweza kufungua kadi ya mteja huyo, yaani ukurasa wa taarifa zake ndani ya programu, akaisoma kwa dakika mbili, akampigia simu na kuendeleza mazungumzo pale yalipoishia, bila kumlazimisha aanze kueleza upya?

Anzeni na maswali ya ofisi

Kabla ya kugusa mipangilio, kaeni pamoja mwandike maswali ambayo ofisi hujiuliza mara kwa mara kuhusu watu inaoshughulika nao. Wateja gani hawajasikia lolote kutoka kwetu kwa miezi mitatu? Mikataba ipi inakwisha mwezi ujao, na nani mwenye mamlaka ya kuitia saini? Mteja huyu alielekezwa kwetu na nani? Kila swali la namna hiyo linadai sehemu yake ya kujazwa katika kadi, na sehemu isiyojibu swali lolote ifichwe au iondolewe. Fomu yenye sehemu nyingi za lazima humfanya mfanyakazi mwenye haraka ajaze nukta, sufuri au neno la kubahatisha ili programu imruhusu kuhifadhi. Na taarifa ya kubahatisha ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa kuwa anayekuta nafasi tupu huuliza, ilhali anayekuta taarifa ya uongo huifanyia kazi. Kwa maoni yangu mambo ya lazima ni manne: jina, taasisi, njia moja ya uhakika ya kumpata mtu huyo, na mfanyakazi anayemhudumia.

Jambo la pili la kuamua mapema ni kumtenganisha mtu na taasisi yake. Programu nyingi huruhusu kadi ya mtu na kadi ya kampuni, zikaunganishwa. Tumieni nafasi hiyo. Mtu akihamia kazi nyingine, msifute jina lake na kuandika la aliyemrithi juu yake, kwa maana mkifanya hivyo mazungumzo ya miaka yote yataonekana kuwa ya mgeni aliyefika jana. Fungueni kadi mpya kwa aliyeingia, na katika kadi ya aliyeondoka wekeni tarehe ya kuondoka pamoja na mahali alipokwenda, ikiwa panajulikana. Aliyeondoka mara nyingi huwa mlango wa kuingilia katika taasisi mpya, na anayekumbukwa vizuri hupokea simu kwa moyo mweupe.

Namba, majina na tarehe kwa utaratibu mmoja

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa sababu utafutaji, uchujaji na uunganishaji wa kadi vyote hutegemea taarifa zilizoandikwa kwa namna moja. Namba za simu ziandikwe kwa muundo wa kimataifa, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe bila sufuri ya mwanzo inayotumika ndani ya nchi. Kiwango cha kimataifa kiitwacho E.164 kimeweka namba nzima, pamoja na msimbo wa nchi, isizidi tarakimu 15. Namba iliyoandikwa hivyo hupigika kutoka popote, hutambuliwa na simu ya mkononi mteja anapopiga, na huiwezesha programu kugundua kwamba kadi mbili zina namba ileile.

Jina liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika katika sahihi ya barua pepe yake. Watu wengine wana majina matatu au manne, na si kila jina la mwisho ni la ukoo. Kwa hiyo, pamoja na sehemu za jina la kwanza na la mwisho, ongezeni sehemu ndogo ya namna anavyopenda kuitwa. Sehemu hiyo ndiyo itakayotumika katika salamu za barua, na itawaepusha na aibu ya kumwita mtu mzima kwa jina asilolitumia.

Tarehe zina hatari yake. Maandishi 03/04 yanaweza kusomwa kuwa tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi kulingana na mazoea ya msomaji, ilhali muundo wa kiwango cha ISO 8601, unaoanza na mwaka, ukafuata mwezi na kisha siku, kama 2025-04-03, hauna utata na hujipanga wenyewe kwa mfuatano sahihi. Cheo, sekta, chanzo cha mteja na hali ya mazungumzo viwekwe katika orodha ya kuchagua badala ya kuandikwa kwa mkono, vinginevyo cheo cha meneja kitaandikwa kwa namna tano na kichujio, yaani zana inayotoa kadi zenye sifa uliyoitaja, kitaona namna moja tu.

Kuingiza orodha za zamani

Taarifa nyingi huingia katika programu kupitia faili la CSV, yaani faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, lililotoka katika lahajedwali, na makosa mengi huzaliwa hapo. Excel na programu za aina yake zikikuta safu ya tarakimu huichukulia kuwa hesabu: sufuri ya mwanzo hutoweka, alama ya kujumlisha huondolewa, na namba ndefu huonyeshwa kwa kifupisho cha kisayansi chenye herufi E. Safu ya simu igeuzwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote ndani yake, maana sufuri ikishapotea hairudi kwa kubadilisha muundo baadaye. Faili lihifadhiwe kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote, ili herufi zenye alama za lugha nyingine zisivurugike. Anwani yenye mkato ndani yake izungukwe na alama za kunukuu, la sivyo mkato huo utahesabiwa kuwa mpaka wa safu na kila kilicho kulia kwake kitasogea sehemu moja.

Anza kwa kuingiza mistari kumi, zifungue kadi hizo moja baada ya nyingine, uhakikishe kila taarifa imeangukia mahali pake. Ndipo uingize iliyobaki, ukiipa lebo yenye jina la chanzo na tarehe, ili pakitokea kosa uweze kuzikusanya kadi zote za siku hiyo na kuziondoa kwa pamoja. Kwa mtu mmojammoja tumia faili la vCard, lenye mwisho wa .vcf, ambalo simu na programu nyingi za barua pepe hulitoa na kulisoma. Toleo lake la 4.0 lilitangazwa mwaka 2011, ingawa bado utakutana na faili za matoleo ya zamani.

Kadi zinazojirudia

Kadi hurudiwa kwa sababu wafanyakazi wawili wamemwingiza mtu yuleyule, au simu imelandanishwa na programu ili anwani zake ziingie zenyewe, au kila barua pepe inayoingia inafungua kadi mpya yenyewe. Kinga ni kutafuta kabla ya kuunda, tena kwa barua pepe au namba, maana jina huandikwa kwa namna nyingi. Unapoziunganisha, fuata ngazi hiyohiyo ya uhakika: barua pepe binafsi ya kazini kwanza, kisha namba, na jina liwe la mwisho. Jihadhari na namba ya mapokezi au anwani ya jumla ya kampuni, kwa kuwa watu kumi tofauti wanaweza kuwa nayo, na programu itapendekeza wote wageuzwe kuwa mtu mmoja. Baki na kadi yenye historia ndefu kama msingi, na hamisha nakala ya data nje kabla ya kuanza, kwani katika programu nyingi muungano ukishafanyika hautenguliki.

Maelezo ya mazungumzo

Yote yaliyotangulia ni maandalizi ya sehemu hii. Kadi safi isiyo na maelezo haimsaidii mwenzako hata kidogo. Chukua maelezo haya: "Nimempigia, tumeongea vizuri, nitamfuatilia." Yanamfaa aliyeyaandika kwa siku mbili, na baada ya hapo hayamfai hata yeye. Sasa yalinganishe na haya: "Ameomba bei ya vifurushi viwili, cha watumiaji 20 na cha watumiaji 50. Uamuzi ni wa mkuu wake wa fedha, ambaye bado hajaona mfumo. Asubuhi huwa vikaoni, hivyo apigiwe baada ya saa nane mchana. Nimeahidi kumpelekea bei Alhamisi." Mtu yeyote wa ofisi akiyasoma anajua nini kimeombwa, nani anaamua, wakati gani wa kupiga na ahadi gani inadaiwa. Sentensi nne zilitosha.

Maelezo yaandikwe mara tu baada ya mazungumzo, kabla ya kushika kazi nyingine. Anayesubiri hadi jioni huandika alichokihisi badala ya kilichosemwa, na jambo la kwanza kusahaulika ni ahadi ndogo, ile iliyotamkwa wakati wa kuagana, ambayo mteja ataikumbuka kuliko yote. Andika pia kwa adabu, kana kwamba mteja mwenyewe atasoma. Nchi nyingi zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, na ile ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake, kutaka zisahihishwe na, katika hali fulani, zifutwe. Uvumi, habari za afya, dini na mambo ya nyumbani visivyohusu kazi visiingie katika kadi.

Kila maelezo yamalizike kwa hatua inayofuata: kitendo, mwenye kukitekeleza na tarehe. Kikumbusho kinachosema "kufuatilia" hakimwambii mtu afanye nini. Kinachosema "kumtumia rasimu ya mkataba na kuuliza tarehe ya kikao cha bodi" humwezesha hata anayeshika zamu kuifanya kazi hiyo. Kisha tengeneza kichujio cha kudumu kinachoonyesha kadi zote za wateja hai zisizo na hatua inayofuata, ukifungue kila wiki siku ileile. Mimi nakiona kichujio hiki kuwa chenye faida kuliko ripoti yoyote ya rangi inayokuja na programu, kwa sababu humtaja kwa jina kila mtu ambaye ofisi imemwacha njiani. Vikumbusho vilivyopitwa na wakati navyo vitatuliwe siku hiyohiyo, ama kwa kutekelezwa, kuahirishwa kwa sababu, au kufutwa; vikirundikana, wafanyakazi huzoea kuvipita bila kuvisoma.

Lebo, barua pepe na kalenda

Lebo zitumike kwa mambo ya muda, kama walioalikwa kwenye maonyesho au wanaosubiri toleo jipya, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuunda mpya. Sifa ya kudumu, kama aina ya mteja, iwe na sehemu yake. Unapohitaji orodha ya watu, hifadhi kichujio badala ya kuchagua majina kwa mkono, kwani kichujio hujisasisha kadi zinapobadilika.

Unganisha programu na barua pepe pamoja na kalenda ili mawasiliano na miadi viingie katika kadi vyenyewe. Baadhi ya programu hutoa anwani maalumu ambayo ukiiweka katika nakala fiche (Bcc) ya barua, barua hiyo huhifadhiwa kwenye kadi ya aliyeandikiwa. Kabla ya kuwasha muunganisho wa moja kwa moja, zuia anwani za ofisi yenyewe na barua za faragha, ili mazungumzo ya mishahara yasionekane mbele ya kila mtu. Ukituma barua kwa wengi, jitumie kwanza ile ya kadi isiyo na jina la kwanza, uone salamu itasomekaje. Aliyeomba asiandikiwe tena awekewe alama katika kadi yake inayozuia orodha zote, si ile moja aliyojiondoa.

Ruhusa, nakala rudufu na makabidhiano

Wafanyakazi wengi wanahitaji kusoma na kuongeza; wachache wanahitaji kufuta; na kuhamisha orodha nzima nje ya programu kubakie kwa mmoja au wawili. Kila mtu atumie akaunti yake, yenye uthibitisho wa hatua mbili, kwani nenosiri la pamoja huondoa uwezo wa kujua nani alibadilisha nini. Mara moja kwa mwezi hamisha nakala ya data na kuihifadhi nje ya programu, kisha ifungue uone kilichomo, maana faili la CSV mara nyingi halibebi viambatisho wala historia ya mazungumzo, na hivyo hulazimika kuhamishwa kwa njia nyingine.

Mfanyakazi anapoondoka, akaunti yake isifungwe kabla kadi na vikumbusho vyake havijapewa msimamizi mpya. Panga saa moja wakae pamoja, wafungue kadi za wateja wenye mazungumzo yanayoendelea, na yule mpya asome kwa sauti anachoelewa kuhusu kila mmoja. Pale anapokwama, mwenye kuondoka aandike palepale kinachokosekana, na mteja ajulishwe jina la atakayempigia kuanzia siku hiyo.