Utah na Arizona kwa gari: ya kupanga kabla hujawasha injini

Marafiki zangu waliozoea kuwinda aligeta, wale mamba wa vinamasi vya Florida, walidhani joto ni joto tu. Florida jasho linakutiririka mpaka unajua mwenyewe kwamba unapungukiwa maji. Jangwani, kama huku Utah na Arizona, majimbo ya magharibi mwa Marekani, jasho linakauka kabla hujaliona, na kiu ikija umeshachelewa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye buti ni maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na dumu la akiba lisiloguswa.

Umbali nao una ujanja wake. Ukisimama ukingo wa kusini wa Grand Canyon unauona wa kaskazini ng'ambo, kilomita 16 hivi angani. Kwa gari ni zaidi ya 340, maana barabara inalizunguka korongo. Ratiba nyingi huharibikia hapo: mtu anatazama ramani, anajipangia vivutio vitatu kwa siku. Mimi ningeweka kimoja. Mafuta jaza tangi likifika nusu. Barabara ya I-70 kati ya Green River na Salina ina takriban kilomita 170 bila kituo hata kimoja. Ramani ya simu ipakue mapema. Mimi hubeba ya karatasi, nachekwa mpaka mtandao ukatike.

Kinachowavuruga hata wazoefu ni saa. Majimbo mengi ya Marekani, Utah likiwemo, husogeza saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi. Arizona haisogezi, lakini ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, iliyo ndani yake inasogeza. Halafu Korongo la Antelope, japo ni la Wanavajo, ziara zake hufuata saa ya Arizona! Simu ikidaka mnara wa Utah inaruka saa nzima mbele, nawe unakimbia bure. Ukikata tiketi ya saa 4 asubuhi, uliza ni saa 4 ya wapi, kisha uiandike. Korongo hilo haliingiwi bila mwongozaji, naye akiahirisha ziara ilhali mbingu ni bluu, usibishane naye. Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali huko juu, maji yakashuka kwa ghafla na kuua watu 11.

Vibali havichukui muda mrefu, ila vina tarehe zake. Kupanda Angels Landing, mwamba mrefu katika hifadhi ya taifa ya Zion huko Utah, tangu 2022 ni kwa bahati nasibu. Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa haikuingizi Monument Valley, bonde la minara ya mawe, kwa kuwa pale ni kwa Wanavajo na kiingilio ni chao. Bia pia ziacheni. Kwenye ardhi yao pombe ni marufuku.

Na sweta. Hifadhi ya Bryce Canyon, huko Utah, ipo zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari: mchana unatembea na fulana, usiku meno yanagongana hata mwezi wa sita.