Kabla ya kusaka viluwiluwi vya mbu, mpe mjumbe kalamu

Kwa mnaokwenda mtaani kujifunza afya ya mazingira kwa vitendo: msianze na ramani ya kwenye simu. Mwombeni mjumbe wa shina (kiongozi wa kundi la nyumba jirani) na jirani mmoja wawili wachore eneo lao kwa mkono, kila kiwanja na namba yake, kisha mpite nao kwa miguu mkiandika kila maji yaliyotuama. Mradi wa kudhibiti malaria Dar es Salaam, ulioanza 2004, ulitumia michoro ya mkono ya wakazi namna hii, halafu ukailinganisha na picha za angani. Utamu uko hapo kwenye kulinganisha. Ukiunganisha michoro ya mashina jirani, vinabaki vipande visivyo na mwenyewe: bondeni, kando ya mtaro, nyuma ya matuta ya mchicha. Humo mbu huzaliana bila bughudha, maana kila mjumbe anadhani ni kwa mwenzake. Shimo la nyuma ya choo, kwa upande mwingine, picha hailioni. Hilo utaonyeshwa na mama mwenye nyumba.

Kazi hii inakwama penye kuta ndefu na mageti. Mlinzi hamjui mjumbe, kwa hiyo bebeni barua ya serikali ya mtaa. Masika nayo huleta madimbwi mapya. Mchoro wa Januari msiutegemee Aprili. Na mkikuta viluwiluwi, angalieni jinsi vilivyokaa: vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine.