Kuijenga Harz kwa maboksi: kazi ya mikono kwa skuli za Pemba

Wilaya ya Goslar, katika jimbo la Niedersachsen huko Ujerumani, ina eneo la takriban kilomita za mraba 965. Pemba ni kama 988. Kwa ardhi ni vitu viwili vinavyokaribiana, lakini sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu 543,441, na Goslar hawafiki 140,000. Mwanafunzi akisikia hivyo huuliza papo hapo: mbona wachache? Jibu limo mlimani, katika safu ya Harz, na mlima hauelezeki kwa ubao na chaki. Inabidi ujengwe. Ukishasimama mezani, tarehe za historia hujikalia zenyewe mahali pake, kwa sababu karibu kila jambo lililotokea kule lilifuata mteremko na maji.

Kazi hii inawafaa wanafunzi sita hadi wanane wa sekondari. Tenga vipindi vinne na siku mbili za kukausha. Wakati wa masika ziwe siku nne.

Vifaa

Tafuta maboksi makavu ya kutoa vipande kumi vya sentimita 46 kwa 45. Vya juu ni vidogo, mabaki yatatosha. Boksi liwe la unene wa milimita 3. Lile la friji au televisheni kubwa mara nyingi lina kuta mbili na hufika milimita 6 au 7, na mlima wako utarefuka maradufu bila kujua. Gundi iwe nyeupe ya mbao, nusu lita. Uji wa ngano ni rahisi, lakini kwa unyevu wetu huota ukungu, mende huutafuna, na tabaka huanza kubanduka pembeni. Ongeza karatasi mbili za kaboni, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, rula ya chuma, pini zenye vichwa, na uzi wa kofia wa rangi tatu: buluu, manjano na nyekundu. Uzi wa kofia ni mwembamba na haufumuki, unapinda vizuri kufuata bonde.

Ramani, na kosa linaloharibu kazi nyingi

Chapisha ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. OpenTopoMap inazo bure. Chukua eneo lililo kati ya latitudo 51°36′ na 52°00′ Kaskazini, na longitudo 10°10′ na 10°50′ Mashariki. Kipimo ni 1:100,000, yaani sentimita moja kwa kilomita moja.

Sasa angalia vizuri. Hapa Pemba, karibu na ikweta, dakika moja ya latitudo na dakika moja ya longitudo zinakaribia kulingana: kama kilomita 1.85. Kule Harz mistari ya longitudo imeshasogeleana kuelekea ncha ya kaskazini, na dakika yake ni kilomita 1.15 tu. Kwa hiyo eneo lenye dakika 24 kwenda juu na 40 kwenda pembeni linatoka karibu mraba: sentimita 44.5 kwa 46. Mwanafunzi aliyezoea kuchora miraba ya Pemba atapata upana wa sentimita 74, na Harz itakuwa imevutwa kama ngozi ya ngoma.

Jipime hivi: kutoka mji wa Goslar (51°54′, 10°26′) hadi mji wa Clausthal-Zellerfeld (51°48′, 10°20′) rula isome sentimita 13. Ikisoma 12.5, printa imeipunguza ramani ili itoshee kwenye karatasi. Weka asilimia 100 uchapishe tena. Usijaribu kurekebisha kwa mkono.

Kukata na kubandika

Kipande cha chini kabisa kinabaki kizima. Hicho ni ardhi yote iliyo chini ya mita 300. Juu yake zinakuja tabaka tisa, kutoka kontua ya 300 hadi ya 1,100, kila moja mita 100. Milimita 3 za boksi zinasimama badala ya mita 100, wakati kwa kipimo cha ramani ilitakiwa milimita 1. Maana yake mlima umekuzwa mara tatu kwenda juu. Iandike hiyo ubavuni kwa wino mnene, ama wanafunzi watadhani Harz ni ukuta.

Kila tabaka lichorwe mistari miwili kwa kaboni: ule wa kukata, na ule wa kontua inayofuata, ambao haukatwi. Mstari wa pili ndio unaokuonyesha tabaka la juu likae wapi. Bila huo utakwama kwenye mita 900, kwa sababu hapo mlima unagawika vipande visivyogusana: Brocken, Wurmberg, Achtermann na mgongo wa Bruchberg. Ukivibandika kwa kukisia, Wurmberg huhamia upande mwingine wa mpaka. Kipande cha mwisho, cha 1,100, ni kama punje ya hindi. Hicho ndicho kilele cha Brocken, mita 1,141, mrefu kuliko milima yote ya kaskazini mwa Ujerumani.

Mifereji ya ndani ya boksi ipishane: tabaka moja ielekee kaskazini, inayofuata mashariki. Zikielekea upande mmoja zote, kazi itajikunja kama ukuti mkavu. Paka gundi nyembamba, weka ubao na matofali mawili juu, acha usiku kucha.

Ukingo wa kaskazini karibu na Goslar utaonekana kama umekosewa: ngazi zimebanana, milimita chache tu kati ya moja na nyingine. Usiupunguze wala kuulainisha. Harz ni bonge la mwamba lililoinuliwa kando ya ufa mrefu upande huo. Goslar iko kwenye mita 255 hivi, na ukienda kilomita 13 tu unaikuta Clausthal kwenye uwanda wa zaidi ya mita 500.

Kata na Pemba, kwa kipimo hichohicho. Itatoka na urefu wa sentimita kama 67. Vilima vyetu vingi havifiki mita 100, kwa hiyo kisiwa kizima ni bapa moja la boksi. Ziweke pamoja mezani. Hakuna maelezo ya mdomo yanayofikia hapo.

Maji

Tumia uzi wa buluu. Oker na Innerste zinashuka kaskazini na maji yake huishia mto Weser; Bode inaelekea mashariki hadi Elbe. Ipo pia Oder, inayoshuka kusini. Wanafunzi huichanganya na Oder kubwa iliyo mpakani mwa Poland, na ni mito tofauti kabisa.

Uzi wa manjano ni wa mifereji ya binadamu, nao ndio moyo wa wilaya hii. Migodi ya fedha na risasi ya Clausthal ilijaa maji kila ilipochimbwa chini. Kuyatoa kulihitaji pampu, pampu zilihitaji magurudumu, na magurudumu yalihitaji maji yanayoanguka. Yaani walitafuta maji ili wayatoe maji. Lakini Clausthal iko juu ya uwanda, haina bonde kubwa la kuikusanyia mvua. Mvua iko kwenye Bruchberg na Brocken, ambako hunyesha karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Basi kuanzia karne ya 16 wakachimba mabwawa zaidi ya 100 na mifereji ya mamia ya kilomita.

Uanze uzi mteremkoni, magharibi ya kijiji cha Torfhaus (51°48′, 10°32′), uuzungushe ubavuni mwa mlima hadi Clausthal bila kushuka tabaka zima. Huo ni mfereji wa Dammgraben. Njiani utakutana na bonde, na uzi utataka kuzama. Hata wao walikwama hapo, na katika miaka ya 1730 wakajenga tuta la Sperberhai, karibu kilomita moja, ili maji yavuke juu yake. Kata kipande cha boksi cha sentimita moja, kibandike kama daraja. Kisha weka pini ya buluu kwenye Oderteich (51°46′, 10°32′), bwawa lililojengwa 1715 hadi 1722, ambalo ukuta wake uliongoza kwa ukubwa Ujerumani nzima hadi mwishoni mwa karne ya 19.

Pini za historia

Usizidishe kumi, na kila pini iwe na sababu ya kuwa pale ilipo.

Rammelsberg (51°53′, 10°25′): mgodi unaotajwa tangu 968, uliofungwa 1988. Utajiri wake ndio uliowavuta wafalme kujenga kasri Goslar katika karne ya 11. UNESCO iliuandikisha katika Urithi wa Dunia mwaka 1992 pamoja na mji mkongwe wa Goslar, na mfumo wa mabwawa na mifereji ukaongezwa 2010.

Clausthal, 1834: Wilhelm Albert, ofisa wa migodi, alitengeneza kamba ya waya, kwa kuwa za katani na minyororo zilikatika shimoni. Alisokota nyaya nne, kisha akasokota misokoto mitatu ya namna hiyo pamoja. Aliyewahi kusokota kamba ya usumba ataielewa kwa vidole kabla ya macho; mletee mwanafunzi nyaya 12 nyembamba ajaribu. Clausthal hiyohiyo alizaliwa Robert Koch, 1843, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 na baadaye akafika Dar es Salaam kuchunguza malaria.

Uzi mwekundu ni mpaka. Kuanzia 1949 Ujerumani zilikuwa mbili, na mstari ulipita humu: kutoka kaskazini, kufuata bonde la Ecker, kati ya Torfhaus na Brocken, ukigusa bega la Wurmberg, kisha mashariki ya Braunlage. Goslar ikawa Magharibi. Brocken ikawa Mashariki na ikafungwa kwa raia 1961. Watu waliirudia tarehe 3 Desemba 1989. Ujerumani iliyokuwa upande wa mashariki wa uzi huu ndiyo iliyosaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo uzi huu wanafunzi wetu hawaoni mgeni.

Kuwa makini na mpaka wa wilaya wenyewe. Goslar ya leo iliimeza wilaya ya Zellerfeld mwaka 1972, na jimbo la Niedersachsen limeundwa 1946. Ukiuchora mpaka wa leo kwa wino, watauona kama ulikuwapo tangu enzi za wafalme. Uchore kwa penseli.

Rangi

Paka rangi ya maji ikiwa nzito, maana nyepesi hulowanisha boksi likavimba. Kijani cha majani chini, kwa misitu ya asili ya mibuchi, miti ya majani mapana. Juu usipake kijani kitupu. Misonobari ilipandwa kwa wingi kulisha migodi mbao na mkaa, ikawa mti mmoja mlima mzima, na ukame ulioanza 2018 ulipoidhoofisha, mdudu anayetoboa magome akaimaliza sehemu kubwa. Paka kijivu kwa mabaka kuzunguka Brocken. Pemba na mikarafuu yake wataelewa hatari ya kutegemea mti mmoja. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha ya Unguja. Rangi ikikauka, funika kazi kwa nailoni na uiweke juu ya kabati, mbali na ukuta unaovuja.