Kukadiria mediani kwa grafu ya marudio limbikizi

Kila nikisahihisha madaftari nakutana na kosa lile lile: mwanafunzi kajumlisha vizuri, kachora grafu safi kabisa, halafu mediani, yaani alama inayogawa wanafunzi nusu kwa nusu, inatoka pungufu kwa alama 5. Hakukosea kujumlisha, alikosea mahali pa kuweka nukta. Nitakawia hapo kuliko kwingine.

Hizi ni alama za wanafunzi 40, nimezitunga kwa ajili ya somo:

11–20: wanafunzi 3
21–30: wanafunzi 5
31–40: wanafunzi 9
41–50: wanafunzi 12
51–60: wanafunzi 7
61–70: wanafunzi 4

Alama zikishaingia kwenye makundi, ya mtu mmoja mmoja haionekani tena. Ndiyo maana tunakadiria.

Hatua ya 1. Limbikiza marudio, yaani idadi ya wanafunzi wa kila kundi, ukijumlisha huku unashuka: 3, 8, 17, 29, 36, 40. Namba ya mwisho isipolingana na idadi ya wanafunzi wote, usiguse karatasi ya grafu kwanza, rudia kujumlisha.

Hatua ya 2. Tafuta mpaka wa juu wa kila kundi. Kundi moja linaishia 40, linalofuata linaanzia 41, basi mpaka wao ni 40.5. Tunapata 20.5, 30.5, 40.5, 50.5, 60.5 na 70.5.

Hatua ya 3. Chora mihimili: alama kwenye mlalo, marudio limbikizi kwenye wima. Sentimita 1 iwe alama 5, na sentimita 2 ziwe wanafunzi 5. Kipimo cha 3 au 7 kikwepe, vile vijisanduku vya milimita 2 havigawanyiki vizuri.

Hatua ya 4. Sasa nukta. Jiulize, 17 inasema nini? Inasema wanafunzi 17 wako chini ya 40.5. Huwezi kuwa umewamaliza wote kabla hujafika mwisho wa kundi lao. Ukiiweka 17 juu ya 35.5, yaani katikati ya kundi, umedai kwamba wote 17 wako chini ya 35.5, na jedwali halikusema hivyo. Kwa hiyo kila nukta inakaa juu ya mpaka wa juu: (20.5, 3), (30.5, 8), (40.5, 17), na kuendelea. Anzia (10.5, 0), maana chini ya hapo hakuna mtu.

Hatua ya 5. Unganisha nukta kwa mkono uliotulia. Nusu ya 40 ni 20. Toka 20 kwenye mhimili wima, nenda mlalo mpaka ukutane na mkunjo, kisha shuka wima. Utaangukia karibu na 43. Hivyo vistari usivifute. Msahihishaji anataka kuona ulikopita.

Hakiki kwa hesabu: 40.5 + (20 − 17) ÷ 12 × 10 = 43. Aliyeweka nukta katikati ya makundi atasoma 38 hivi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini 20 na si 20.5? Namba zikiwa 40, ya katikati si iko kati ya ya 20 na ya 21?*

Marahaba. Hivyo ni sahihi ukiwa na alama zenyewe, umezipanga moja moja. Hapa tunatafuta mahali panapogawa kundi zima nusu kwa nusu: 20 chini, 20 juu. Ukitumia 20.5, juu wanabaki 19.5.

*Mimi nimepata 42.5, nimekosea wapi?*

Umetumia 40 na 50 badala ya 40.5 na 50.5. Rudi hatua ya 2.

*Kundi la mwisho likiandikwa "61 na zaidi" tutafanyaje? Halina mpaka wa juu.*

Mediani haitikisiki. Mkunjo unavuka 20 ndani ya kundi la 41–50, kwa hiyo chora hadi (60.5, 36) uishie hapo. Ila wastani ndio utakusumbua, kwa sababu unahitaji katikati ya kila kundi.

*Makundi yakiwa na upana tofauti je?*

Njia ni hii hii. Weka nukta kwenye mpaka wa juu wa kila kundi, liwe pana au jembamba.